Sensa ya oksijeni mpya, msimbo uleule: P0171 na plagi nyeusi kwenye injini ya zamani

Plagi4
Wakuu, naomba tusaidiane vipimo kwenye gari hili kabla hakijanunuliwa kipuri kingine.

Ni la petroli, silinda 4, lita 1.8, la mwaka 1999. Lina nozeli nne, sensa ya hewa aina ya MAF, na sensa mbili za oksijeni: moja mbele ya masega (kile kichujio cha kusafisha moshi wa ekzosi), nyingine nyuma yake. Linatetemeka kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, linakula mafuta kuliko kawaida, moshi unanuka petroli, na ukikanyaga ghafla linasita kidogo ndipo livute. Taa ya cheki injini ilileta P0171 na P0133, huu wa pili ukidai sensa ya mbele inajibu polepole. Sensa ya mbele ikabadilishwa, misimbo ikafutwa, P0171 ikarudi peke yake.

Kinachonitatiza ni hiki: P0171 inasema mchanganyiko ni mwepesi, yaani hewa nyingi na mafuta machache. Lakini plagi zote nne ni nyeusi, zina masizi makavu. Kipi kinasema kweli? Skana ninayo, multimita ya namba ninayo.

Fundi_Raundi
Kwanza usifute tena misimbo. Ukifuta unapoteza kumbukumbu ya hali ya injini iliyohifadhiwa wakati taa inawaka, na unapoteza LTFT, yaani marekebisho ya mafuta ya muda mrefu ambayo kompyuta imejifunza. Hizo ndizo habari zenyewe tunazozitafuta.

Washa injini hadi feni ya rejeta iwake yenyewe na kuzima. Zima AC na taa. Kisha utuletee namba hizi mara mbili, kwanza kwenye sailensa, halafu raundi 2500 ukiwa umezishikilia nusu dakika bila kuyumba: STFT (marekebisho ya muda mfupi), LTFT, gramu za MAF, joto la maji, volti za B1S1 na B1S2. B1S1 ni ile ya mbele ya masega, B1S2 ya nyuma. Kwa injini ya silinda 4 iliyopangwa mstari mmoja, mara nyingi hakuna upande wa pili wa kukuchanganya.

Mti_wa_Spana
Hiyo sensa mpya ni ya bandia. Weka ya kiwandani, yaishe.

Plagi4
Namba hizi hapa, maji nyuzi 88.

Sailensa, raundi 750: STFT +9, LTFT +20, MAF gramu 2.4 kwa sekunde. B1S1 inacheza kati ya 0.1 na 0.7 lakini muda mwingi iko chini ya 0.3. B1S2 imetulia 0.78.

Raundi 2500: STFT +3, LTFT +11, MAF gramu 8.6. B1S1 inapanda na kushuka haraka 0.1 hadi 0.8. B1S2 0.76.

Bi_Volti
Namba nzuri sana hizi, zinatosha kuondoa nusu ya watuhumiwa. Nitaenda polepole kidogo kwa ajili ya wanaosoma baadaye.

Sensa ya oksijeni haijui chochote kuhusu mafuta. Inalinganisha oksijeni iliyomo kwenye moshi na oksijeni ya hewa ya nje. Ile ya kawaida ya zirkonia ikiwa na joto la nyuzi 300 hivi na kuendelea, moshi ukikosa oksijeni inatoa volti 0.8 hadi 0.9, oksijeni ikibaki nyingi inashuka hadi 0.1 au chini. Mpaka uko kama 0.45, pale ambapo mchanganyiko ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Kompyuta ikiona volti ya chini inasema "mafuta hayatoshi", inaongeza muda wa nozeli kufunguka. Ile +20 na +9 maana yake sasa hivi, kwenye sailensa, inaongeza karibu asilimia 29 juu ya hesabu yake ya msingi. Jumla ikibaki ndani ya 10 juu au chini, gari la umri huo halina kesi. Ikikaribia 25 na kuendelea, taa inawaka.

Sasa swali ni oksijeni hiyo inatoka wapi. Iko njia tatu.

Ya kwanza, injini kweli inapata hewa isiyopimwa: paipu ya vakyumu imepasuka, gasketi ya manifoldi ya hewa imechoka, bomba la mpira baada ya MAF lina ufa. Hapo sensa inasema kweli, kompyuta inaongeza mafuta, mchanganyiko unarudi sawa, na plagi zinabaki na rangi ya kahawia hafifu. Haziwi nyeusi. Kwa hiyo njia hii haikubaliani na plagi zako.

Ya pili, silinda moja haichomi. Hewa iliyoingia inatoka na oksijeni yake yote, sensa inaona "hewa nyingi", na kompyuta inazimiminia mafuta silinda zote, hata zile nzima. Hii hudanganya mafundi wengi. Lakini ungeona plagi moja imelowa, na pengine msimbo wa P0301 hadi P0304.

Ya tatu, hewa inaingia kwenye ekzosi kabla ya sensa ya mbele. Moshi hautoki kwa mkondo laini, unatoka kwa mapigo. Baada ya kila pigo kuna mvuto mdogo wa kurudi nyuma, na ufa mwembamba unanyonya hewa ya nje. Kwenye sailensa mvuto huo una nafasi kubwa. Raundi zikipanda, moshi unakuwa mwingi na mapigo yanabanana, ile hewa inamezwa. Ndiyo maana +29 inashuka hadi +14 kwenye 2500. Silinda zinapata mafuta ya ziada ambayo hazikuyahitaji, plagi zinakuwa nyeusi, petroli inaliwa, na msimbo unasema kinyume.

Sensa yako ya nyuma nayo imekaa juu, 0.78. Masega mazima yanachoma oksijeni iliyopenya pamoja na mafuta yaliyobaki, hivyo ya nyuma mara nyingi inaona kilicho karibu zaidi na ukweli wa jumla. Peke yake si ushahidi, kwa sababu 0.6 hadi 0.7 iliyotulia ni kawaida kabisa. Ikikubaliana na plagi ndipo inapata uzito.

Mimi ningeanza na gasketi ya manifoldi ya ekzosi.

Fundi_Raundi
Naongeza dogo kuhusu trim, yaani hizo STFT na LTFT, na raundi, kwa kuwa wengi wanakariri sheria moja bila kujua inatumika kwa gari lipi.

Kwenye gari la MAF: namba ikiwa kubwa kwenye sailensa na kupungua kwenye 2500, tafuta hewa inayopenya, ama upande wa kuingia ama wa ekzosi. Ikiwa nzuri kwenye sailensa na kukua kadiri unavyokanyaga au kupanda mlima, tafuta mafuta yasiyofika: filta imeziba, pampu imechoka, au MAF imechafuka na inapima hewa pungufu. MAF ya lita 1.8 kwenye sailensa ikileta gramu 2 hadi 3 kwa sekunde haina shida kubwa, kwa hiyo ya mkuu iko sawa.

Gari linalotumia sensa ya MAP, ambayo inapima mgandamizo ndani ya manifoldi, ni jambo jingine. Hewa ikipenya, mgandamizo unapanda, kompyuta inaona mzigo umeongezeka na inaongeza mafuta yenyewe. Dalili inakuwa sailensa kupanda, trim inaweza isibadilike sana. Usimhukumu mwenye MAP kwa sheria ya MAF.

Mti_wa_Spana
Na sensa yenyewe hamuipimi?

Bi_Volti
Inapimwa, ni dakika chache. Ila sensa mbili tofauti, ya zamani na mpya, zikionyesha kosa la upande uleule, kwanza shuku kitu ambacho hakikubadilishwa.

Utaratibu wa sensa ya nyaya nne ni huu. Tumia multimita ya namba tu, yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Ile ya mshale inanyonya ishara na kukupa namba za uongo. Usipime omu kwenye waya wa ishara hata siku moja, maana umeme wa mita unaweza kuiharibu sensa.

Zima gari, chomoa soketi, pima omu kati ya nyaya mbili za hita. Kwenye sensa nyingi za Bosch na NTK hizo ni nyeupe mbili, nyeusi ni ishara na kijivu ni ethi ya ishara. Kwenye nyingi za Denso nyeusi mbili ni hita, bluu ni ishara, nyeupe ni ethi. Hita nyingi zikiwa baridi zinasoma mahali fulani kati ya omu 3 na 16. Kitabu cha gari lako ndicho chenye namba kamili. Mita ikionyesha mstari umekatika, hita imekufa. Upande wa gari, injini ikiwa imewaka, tafuta umeme wa betri kwenye waya mmoja wa hita. Usipokuwepo angalia fyuzi kabla ya kulaani sensa. Kwenye magari mengi fyuzi hiyo inalisha na vitu vingine. Waya wa pili wa hita kwa kawaida unawekwa ethi na kompyuta.

Rudisha soketi. Chomeka pini nyembamba nyuma ya soketi ifikie waya wa ishara bila kutoboa ganda la waya, waya wa pili wa mita kwenye ethi ya betri. Injini ya moto, raundi 2500. Kisha:

1. Pulizia kidogo gesi ya propeni kwenye mlango wa filta ya hewa. Volti lazima iruke kupita 0.8 papo hapo.
2. Chomoa paipu moja ya vakyumu. Volti lazima ianguke chini ya 0.2 papo hapo.
3. Rudisha paipu, acha 2500, hesabu. Sensa nzima inavuka 0.45 kwenda na kurudi mfululizo. Vitabu vya Toyota vya miaka ile vilitaka volti icheze mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 10.

Sensa ikijibu yote mawili haraka, ni nzima. Haijalishi msimbo unaitaja kwa jina. Ikijibu lakini inajikokota, ndiyo P0133 halisi. Ikikwama chini hata ukipuliza mafuta, chomoa soketi uone kama waya wa ishara umegusa bodi mahali.

Tahadhari: fanya nje, moshi una kaboni monoksaidi. Na usiipulizie gesi hiyo karibu na ekzosi ya moto wala waya za plagi zinazovuja cheche, inawaka.

Nozeli_Kavu
Kabla ya kufungua manifoldi, toa watuhumiwa wengine wawili wanaoleta plagi nyeusi hata ekzosi ikiwa nzima.

Regyuleta ya mafuta: chomoa paipu yake ya vakyumu injini ikiwa imewaka. Ndani ya paipu pakiwa na petroli au harufu kali, diaframu imepasuka na injini inanyonya mafuta mabichi. Hapohapo, ukiwa na geji, presha inapaswa kupanda kama nusu ba ukichomoa paipu hiyo. Mifumo mingi ya nozeli za manifoldi hufanya kazi kwenye ba 2.5 hadi 3.5.

Sensa ya joto la maji: ile ya kompyuta, siyo ya geji ya dashibodi. Kwa magari mengi ya Kijapani inasoma kiloomu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzi 80. Ikidanganya kwamba injini ni baridi, kompyuta inaongeza mafuta na haisikilizi sensa ya oksijeni kabisa. Thamostati iliyokwama wazi, au iliyotolewa, inaleta shida ileile.

Lakini nakubali kwamba kwa mkuu hizi zina nafasi ndogo. Maji yake yanasoma nyuzi 88, na regyuleta ingekuwa ndiyo, trim zingekuwa hasi, kwa kuwa kompyuta ingekuwa inapunguza mafuta. Yeye ana chanya kubwa. Plagi nyeusi pamoja na trim hasi ni mafuta yanayovuja kuingia. Plagi nyeusi pamoja na trim chanya ni sensa kudanganywa.

Geji_Mbili
^ Mstari huo wa mwisho ungewekwa juu kabisa ya uzi.

Plagi4
Regyuleta kavu. Hita ya sensa ya mbele omu 12, umeme wa betri unafika. Nikipuliza inaruka 0.88, nikichomoa vakyumu inaanguka 0.06, bila kusita. Kwa hiyo sensa ni nzima. Misimbo ya P030x hakuna, na ukichomoa soketi ya koili moja moja, kila moja inashusha raundi kwa kiasi kilekile.

Ufa wa ekzosi unatafutwaje? Sisikii kelele yoyote ya ajabu.

Fundi_Raundi
Ikiwa ya moto mara nyingi huwezi kusikia, chuma kimetanuka na ufa umebanwa. Sikiliza ikiwa imelala usiku kucha. Waswahili wa gereji wanaiita "kupiga tiki": tik tik tik inayofuata raundi, inayopotea baada ya dakika chache. Watu huidhania ni tapeti.

Njia ya uhakika haihitaji injini kuwaka. Injini baridi, chukua mashine ya kufyonzea vumbi, hamishia mpira wake upande unaopuliza, uingize kwenye bomba la nyuma la ekzosi, ziba pembeni kwa kitambaa. Usizibe kwa nguvu, unataka presha ndogo tu. Kisha nyunyizia maji ya sabuni: mstari wote wa gasketi ya manifoldi na kichwa cha silinda, maungio ya manifoldi na bomba la chini, shina la sensa yenyewe, na paipu ya EGR, ile inayorudisha moshi kwenye injini, kama ipo. Kagua hata mwili wa manifoldi katikati ya mikono. Za chuma cha kutupwa hupasuka hapo. Povu litakuonyesha.

Ondoa ngao ya joto kwanza. Chini yake tafuta michirizi ya masizi au alama za kijivu. Mahali panapovuja hujichora penyewe.

Magari mengine ya zamani yana valvu ya kupeleka hewa safi kwenye ekzosi wakati wa baridi. Ikikwama wazi inafanya kazi ya ufa bila ufa wowote kuwepo. Ibane paipu yake uone kama trim inashuka.

Kabureta_Bado
Naingilia. Nina Toyota ya mwaka 1992, sensa ina waya mmoja tu, na soketi ya OBD2 ya kuchomekea skana hakuna. Haya yote nitapimaje?

Bi_Volti
Unapima vilevile, ila kwa multimita na kwa kuhesabu taa.

Fungua kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS kwenye chumba cha injini. Switchi ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha washa switchi bila kuwasha injini. Taa ya injini itamweka. Makumi kwanza, kituo kifupi, halafu mamoja. Ikimweka mfululizo bila kituo, hakuna msimbo. 21 ni sensa ya oksijeni, 25 mchanganyiko mwepesi, 26 mzito. Kwa Honda za enzi hiyo msimbo 1 ndio sensa ya oksijeni. Kwa GM 13 ni sensa, 44 mwepesi, 45 mzito. Usikosee matundu, kisanduku hicho kina na njia ya umeme wa betri.

Waya mmoja maana yake hakuna hita, na ethi ni mwili wa sensa kupitia nyuzi zake. Yako mambo mawili hapo. Bila hita inapata moto kutoka kwenye moshi peke yake, kwa hiyo ukiiacha gari kwenye sailensa muda mrefu inapoa na kunyamaza. Shikilia 2500 kwa dakika mbili au tatu ndipo upime. La pili, kutu kati ya sensa na manifoldi, au manifoldi na injini, inaharibu ishara. Weka mita kwenye volti DC, ncha moja kwenye mwili wa sensa, nyingine kwenye hasi ya betri, injini ikiwaka. Ukipata zaidi ya volti 0.1, safisha njia ya ethi kabla ya kununua kitu. Ishara yenyewe haifiki volti 1, hivyo 0.1 iliyopotea si kidogo.

Sensa hizo zisizo na hita huchoka mapema, kati ya kilomita 50,000 na 80,000. Zenye hita hufika kama 100,000, na zile bapa za baadaye 160,000.

Nozeli_Kavu
Kwa wenye Toyota za mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea: nyingine mbele ya masega hazina sensa ya oksijeni, zina sensa ya uwiano wa hewa na mafuta. Hiyo haichezi 0.1 hadi 0.9. Mchanganyiko ukiwa sawa inakaa kwenye 3.3, skana za kawaida zinaonyesha 0.66, na volti ikipanda maana yake ni mwepesi, kinyume cha mwenzake. Watu wanazitupa zikiwa nzima wakisema "imekwama, haichezi". Hazibadilishani hata kama soketi inaingia.

Mti_wa_Spana
Na ile ya nyuma ikileta P0420, msimbo wa masega yaliyochoka, si unaweka kispesa tu unasogeza mbali?

Geji_Mbili
Unazima taa, hutengenezi gari. Na ukiwa na ufa wa ekzosi P0420 inaweza kuja masega yakiwa mazima.

Plagi4
Povu limepatikana. Gasketi ya manifoldi, upande wa silinda ya 4, chini kabisa mahali ambapo ngao inaficha. Nati moja ya stadi hapo imelegea, nyingine zina kutu kweli kweli. Nizikaze tu au nifungue?

Fundi_Raundi
Fungua. Gasketi ikishapuliziwa na moshi imeungua ukingoni. Kukaza kunanyamazisha kelele kwa muda na kuhatarisha stadi.

Weka mafuta ya kupenya jioni, rudia asubuhi. Legeza robo mzunguko, rudisha, legeza tena. Stadi ikianza kujipinda acha, ipashe moto. Stadi iliyokatikia kichwani mwa silinda ni kazi kubwa kuliko hii yote.

Ukishatoa manifoldi, weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake na ujaribu kupitisha fila geji, vile vibamba vya kupimia mwanya. Kila injini ina kikomo chake kitabuni. Ikipita, ipelekwe ikachongwe. Gasketi peke yake haizibi manifoldi iliyopinda, utairudia kazi. Safisha nyuso zote mbili, weka gasketi mpya na nati mpya, kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa hatua mbili au tatu hadi kipimo cha kitabu. Baada ya injini kupata moto na kupoa kabisa, pitia tena nati zote.

Usipake silikoni ya kawaida mahali popote kwenye hewa au ekzosi. Mvuke wake unaifunika sensa kwa ungaunga mweupe na haisafishiki. Maji ya rejeta yakivuja ndani ya silinda yanafanya vilevile. Masizi meusi si tatizo kubwa, huungua yenyewe mchanganyiko ukirudi sawa.

Bi_Volti
Sensa ukiitoa kurahisisha kazi, itoe injini ikiwa na uvuguvugu. Spana ni 22, ile yenye mwanya wa kupitisha waya. Nyingi zina nyuzi za milimita 18, na zinakazwa Nm 40 hadi 45. Grisi ya kuzuia kushika ipakwe kwenye nyuzi tu, tone lisiguse ncha yenye matundu. Sensa mpya nyingi huja imeshapakwa.

Na kwa kuwa ulibadilishiwa, angalia waya zake ziliungwaje. Sensa nyingi huvuta hewa yake ya kulinganishia kupitia ndani ya waya na soketi. Kiungo cha risasi ya kulehemu huweza kuziba njia hiyo. Viungo viwe vya kubana kwa koleo. Grisi au dawa ya soketi usiweke pale, kwa sababu hiyohiyo.

Plagi4
Manifoldi ilikuwa sawa, haikuhitaji kuchongwa. Gasketi mpya, stadi mbili mpya. Plagi mpya, nafasi milimita 1.1 kama kitabu kinavyotaka. Misimbo imefutwa, na gari limezungushwa mjini na barabara ndefu.

Sailensa: STFT inacheza −2 hadi +3, LTFT +4. Raundi 2500: LTFT +3. B1S1 inavuka kwa mpangilio, B1S2 imetulia 0.66. Mtetemo umeisha. Kukanyaga ghafla bado kuna kusita kidogo sana ikiwa baridi.

Nozeli_Kavu
Trim hizo hazina deni. Ule msito wa baridi ni jambo jingine: wakati huo kompyuta bado haitegemei sensa ya oksijeni, kwa hiyo usirudi kwenye sensa. Safisha koo la throto na MAF, kila moja kwa dawa yake. Ya kabureta isiguse waya wa MAF.

Badilisha oili ya injini hata kama kilomita hazijafika. Mafuta ya ziada yamekuwa yakiosha kuta za silinda na kushuka chini. Nusa kijiti cha oili, kikinuka petroli usisubiri.

Geji_Mbili
Na masega uyapime. Yamepitishiwa mafuta mabichi, yanaweza kuwa yameyeyuka katikati. Toa sensa ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake, washa. Kwenye sailensa isizidi kama ba 0.1, kwenye 2500 isizidi ba 0.2. Ikizidi, na gari linakosa pumzi barabara ndefu, ekzosi imeziba.

Plagi4
Oili inanuka, inabadilishwa leo. Geji nitaazima. Plagi nizitazame tena baada ya muda gani?

Fundi_Raundi
Kilomita 300 hadi 500 zinatosha kupata rangi ya kweli. Tembea barabara yenye mwendo, zima injini bila kuiacha ikinguruma kwenye sailensa, ndipo ufungue. Ile ya silinda ya 4 uiweke pembeni ya nyingine tatu uzilinganishe. Zote zikiwa kahawia hafifu funga, endesha. Moja ikiwa bado nyeusi peke yake, pima kompresheni ya silinda hiyo na omu za nozeli yake, nyingi za aina hiyo ni 12 hadi 16, kisha utuletee namba hapahapa.